Kofia ya Jino la Mbele

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Afya. Kiongozi wa darasa aandike maneno haya ubaoni kabla ya somo kuanza: ufizi, mwanya, pengo, chonge, kauri, finjani. Darasa liwe na kioo kimoja cha mkononi.)

 

Tumepata barua ya kiongozi wa darasa moja la pwani ya mashariki ya Unguja. Anasema anaye mwanafunzi mmoja, mama wa makamo, mkulima wa mwani. Mama huyu ni hodari wa kuandika, na kwa hesabu hakuna amshindaye. Lakini siku moja aliteleza juu ya mawe ya pwani akiwa amebeba gunia la mwani, akaanguka kifudifudi, na jino lake moja la mbele likakatika nusu. Tangu siku hiyo hataki kusoma kwa sauti. Akiitwa asimame hujiziba mdomo kwa pindo la kanga, akasema koo linamuuma. Koo gani liumalo miezi minne? Kiongozi anauliza: je, jino kama hilo laweza kutengenezwa likawa kama la asili, au hapana budi ling'olewe?

Kabla sijajibu, semeni pamoja nami: thelathini. Tena: dhahabu. Tena: fedha. Na mara ya mwisho: vifaa. Mmeona ulimi unakwenda wapi? Katika th na dh, ncha ya ulimi inayagusa meno ya mbele ya juu. Katika f na v, ni mdomo wa chini unaoyagusa. Mtu aliyekatika jino la mbele husikia upepo ukimtoka mahali asipoupeleka. Nasi watu wa Unguja mwatujua. Mtoto akisema "zahabu" nyumba nzima humsahihisha. Basi mama huyu hana haja ya kuelezwa kwa nini anaona haya kusimama mbele ya darasa.

Jibu langu la kwanza ni hili: asikimbilie kung'oa. Sehemu ya jino tunayoiona mdomoni si jino lote. Mzizi wake umejificha ndani ya mfupa wa taya, na katika meno ya mbele mzizi huo ni mrefu kuliko sehemu inayoonekana. Ikiwa mzizi ni mzima, na umeshikamana vyema na mfupa, daktari wa meno anao msingi wa kujengea. Mwenye nyumba hafukui msingi kwa sababu paa limepeperuka. Ukishang'oa, kuliziba pengo lile huwa kazi ndefu zaidi na yenye gharama kubwa zaidi.

Hapa nitasimama kidogo kwa ajili ya wenye watoto, maana watoto wetu huanguka kwa baiskeli kila siku. Kipande cha jino kikikatika, kitafuteni. Kiwekeni katika maziwa au maji safi, mwende nacho kwa daktari. Mara nyingi aweza kukigandisha tena mahali pake, na hakuna kitu kitakachofanana na jino lako kuliko jino lako mwenyewe. Na jino zima likichomoka pamoja na mzizi wake, lishikeni upande ule unaoonekana mdomoni. Msiushike mzizi, wala msiusugue. Likiwa na mchanga, lisuuzeni upesi, lirudisheni katika tundu lake, mtoto aume kitambaa safi, nanyi mwende mbio. Mkiogopa kulirudisha, litieni ndani ya maziwa. Saa moja ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa. Haya nayasema kwa meno ya ukubwani tu. Meno ya utoto hayarudishwi, kwa kuwa kufanya hivyo kwaweza kuliumiza jino linaloota chini yake.

Sasa turudi kwa mama yetu. Kipande chake kimebaki baharini. Kama kilichokatika ni kidogo, daktari atajaza kwa ile dawa yenye rangi ya jino, inayoganda kwa taa ya buluu. Kazi hiyo mara nyingi huisha siku moja, wala jino halichongwi sana. Wengi hawahitaji zaidi ya hapo, na daktari mwema huanza na lililo dogo. Lakini kama jino limekatika sana, au limezibwa na kuzibuliwa mara nyingi, au limetibiwa mzizi na likabaki dhaifu, hapo ndipo husemwa habari ya kofia.

Kofia ya jino ni gamba gumu linalotengenezwa nje ya mdomo, kwa kipimo cha jino lako peke yake. Jino huchongwa likawa jembamba, kisha huvikwa gamba hilo na kugandishwa kwa saruji yake maalum. Wako wanaoliita taji. Mimi napenda kusema kofia, kwa kuwa kila mtu wa Unguja anajua kwamba kofia ya viua haishonwi kwa kukisia. Mshonaji hupima kichwa kwanza. Ikibana itakuumiza, ikipwaya itaanguka ukiinama.

Kuvaa jino lisilo lako si jambo jipya duniani, na kisiwa chetu kina sehemu yake katika habari hiyo. Katika karne ya 18, na hata katika karne ya 19, matajiri wa Ulaya walivaa meno ya bandia yaliyochongwa kwa pembe za ndovu na kwa meno ya kiboko. Na miongoni mwa bidhaa zilizopita Unguja katika karne ya 19, pamoja na pembe za ndovu na karafuu, meno ya kiboko nayo yalikuwamo. Lakini jino la kiboko lina tabia ya jino letu. Likikaa katika mate siku nyingi hunyonya uvundo, hugeuka rangi, na mwisho huoza. Huko Ufaransa, yapata mwaka 1774, mwuza dawa mmoja aitwaye Duchâteau alichoshwa na harufu ya meno yake ya bandia. Akavitazama vyombo vyake vya kauri alivyochanganyia dawa kila siku, akaona havinuki wala havishiki rangi. Ndipo akafikiri kwamba meno nayo yaweza kufanywa kwa kauri. Zaidi ya miaka 100 ikapita, na mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa meno wa Marekani, Charles Land wa mji wa Detroit, akatengeneza kofia nyembamba ya kauri ya kuvika jino la mbele.

Kauri si ngeni kwetu. Sahani za kauri zilipamba kuta za majumba ya Mji Mkongwe, na kule Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, bakuli za Kichina zilijengewa katika nguzo za makaburi ya kale. Lakini kwa jino, bibi zetu wengi walipenda dhahabu. Jino la dhahabu lilikuwa pambo kama kipini na kikuku. Lilivaliwa lionekane, na bibi akicheka harusini lilimeremeta mpaka ukumbi wa pili. Mimi silidharau hata kidogo. Ila mama wa barua yetu anataka kitu kingine. Anataka jino ambalo hakuna mtu atakayeuliza habari zake, na hilo ni gumu kulipata kuliko la dhahabu.

Ugumu huo naujua kwa kuwa ulinipata mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilifungua chupa ya soda kwa meno mbele ya wenzangu, nikalivunja jino la juu la kulia. (Naona mnacheka. Haya, chekeni.) Miaka mingi baadaye, nilipojaaliwa fedha ya kulivika kofia, nilikwenda kwa daktari mmoja, ambaye simtaji jina wala mahali. Akaniuliza, "Mwalimu, wataka rangi ipi?" Nikamjibu, "Nyeupe kabisa, daktari. Ile inayoshinda zote." Naye hakunibishia. Nikatoka na jino jeupe kama kigae kipya cha ukutani. Jioni nikaenda kunywa kahawa pale Jaws Corner, mahali palipopewa jina la sinema ya papa mwenye meno ya kutisha. Mzee mmoja akanitazama, akaiweka finjani yake chini taratibu, akasema, "Mwalimu, jino lako limekwisha fika. Wewe mwenyewe waja lini?" Baraza zima likaangua kicheko. Mimi nikacheka nimefunga mdomo, na nikaendelea kucheka hivyo kwa miaka.

Daktari yule alipaswa kunionya. Lakini sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu. Nilikuwa mtu wa miaka 50, mnywa kahawa chungu tangu utoto, nami nilitaka jino la mtoto wa miaka 12 likae katikati ya meno ya mzee.

Kiongozi wa darasa, sasa fungua mlango. Kila mmoja achukue kioo kwa zamu, asimame penye mwanga wa jua, atazame meno yake ya mbele ya juu. Mkitazama kwa makini, mtaona jino moja lina rangi zaidi ya moja. Karibu na ufizi rangi imeiva, ina umanjano. Sababu yake ni kwamba lile gamba la nje la jino ni jembamba pale, na sehemu ya ndani yenye umanjano yaonekana kupitia kwake. Katikati rangi imepauka. Na kwenye ncha, hasa kwa vijana, jino ni kama kioo chenye ukungu, lina rangi ya kijivu au ya buluu ya mbali. Tena chonge, yaani lile jino lenye ncha kali upande wa kulia na wa kushoto, limeiva kuliko meno manne yaliyo katikati. Uso wa jino nao si bapa kama ukuta uliopigwa lipu. Una miinuko na mistari myembamba inayoupokea mwanga na kuutawanya. Fundi akitengeneza kofia ya rangi moja, laini kama yai, jicho litaikamata hata kama halijui limekamata nini.

Kuna jambo jingine kubwa kuliko hilo la rangi. Mwanga unapolipiga jino la asili hauishii juu yake. Sehemu yake huingia ndani, ikazunguka, ikatoka tena. Ndiyo maana jino zima laonekana kuwa na uhai. Ili mlielewe jambo hili, leteni vikombe viwili: finjani ya kauri, ile ndogo nyembamba ya kunywea kahawa, na kikombe cha bati kilichopakwa rangi nyeupe. Iinueni finjani kuelekea jua. Kama ni kauri nzuri, mtaona kivuli cha kidole chako kwa upande wa pili. Sasa inueni kikombe cha bati. Hakuna kitu. Ni cheupe, ni kigumu, kitadumu kuliko finjani, lakini mwanga umekomea juu yake.

Kofia za meno ni hivyo hivyo. Ziko zilizofanywa kwa chuma ndani na kauri nje, namna iliyoenea sana tangu miaka ya 1960. Hizo ndizo kikombe cha bati. Ni imara, na kwa magego zafaa sana. Lakini kwa jino la mbele, chuma huzuia mwanga, na fundi hulazimika kukificha kwa rangi nzito chini ya kauri. Tena ufizi ukishuka kidogo baada ya miaka, mstari wa kijivu huchungulia pale shingoni mwa jino, kama mdomo wa kikombe cha bati uliobanduka rangi. Fundi hodari sana aweza kuipunguza aibu hiyo, wala sisemi kwamba haiwezekani. Lakini siku hizi ziko kofia zisizo na chuma ndani: za kauri ya kioo, na za zirkonia, ambayo ni unga mweupe wa madini uliochomwa ukawa mgumu mno. Zirkonia za kwanza zilikuwa nyeupe za kuzuia mwanga. Za sasa zipo zinazoupitisha zaidi. Kwa hiyo, mwulizeni daktari: "Kofia hii ina nini ndani? Inapitisha mwanga?" Ni swali la haki, wala hatachukia.

Je, rangi huchaguliwaje? Daktari anacho kipimo, yaani vijino vya mfano vilivyopangwa kwa rangi. Kinachojulikana zaidi kilitolewa mwaka 1956 na kiwanda cha Ujerumani kiitwacho Vita. Kina vijino 16 katika mafungu manne: fungu A lina wekundu wa hudhurungi, B lina wekundu wa manjano, C ni la kijivu, na D lina wekundu uliochanganyika na kijivu. Daktari huviweka kimoja kimoja kando ya jino lako mpaka apate kinachopotea machoni.

Basi, akina mama, mwafanya nini mnaponunua kanga Darajani? Je, hulipa mkiwa ndani ya duka, chini ya taa? Hata! Kanga hutolewa nje, ikakunjuliwa juani, ikageuzwa, maana mwajua taa hudanganya. Nyekundu ya dukani huwa nyingine nje. Meno nayo ni vivyo hivyo. Rangi iliyofanana chini ya taa yaweza kuachana barabarani. Na vichochoro vya Mji Mkongwe vina giza kidogo hata saa sita mchana, kwa hiyo chumba cha daktari kilicho ndani ya nyumba ya namna hiyo chaweza kuwa na mwanga wa taa tu. Mwombe mkatazame dirishani au uani, asubuhi kabla jua halijawa kali. Usipake rangi ya mdomo siku hiyo. Kama umevaa kanga yenye rangi kali, funika kifua kwa kitambaa cheupe au cha kijivu, maana rangi ya nguo hulivuta jicho. Meno yako mengine yasafishwe kwanza, yatoke ukoko na madoa ya tambuu na kahawa, la sivyo mtaipima rangi ya doa mkidhani ni rangi ya jino. Tena rangi ichaguliwe mwanzo kabisa, jino halijachongwa. Jino lililokaa wazi muda mrefu hukauka, na likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Usilikazie macho, bali litazame kwa muda mfupi, upumzishe macho, utazame tena. Mwisho, usiache kwenda na mtu wako wa nyumbani, mke au dada, ambaye amelitazama jino hilo miaka 20 kuliko wewe.

Sasa habari ya mwanya. Kwetu mwanya kati ya meno mawili ya mbele ni uzuri, na wapo waliosifiwa kwa huo ujana wao wote. Pengo ni msiba mdogo, lakini mwanya ni neema. Fundi anayetengeneza kofia huenda hajakuona kamwe. Yeye yuko maabara, pengine ng'ambo ya bahari, na mbele yake kuna sanamu ya meno yako tu. Asipoambiwa, aweza kuipanua kofia hadi iuzibe mwanya, naye akidhani amekutendea wema. Mwambie daktari aandike. Kama unayo picha ya zamani uliyocheka, ya harusi kwa mfano, nenda nayo. Ya pasipoti haitasaidia, maana humo hakuna anayecheka.

Na kazi yenyewe huendaje? Kwa kawaida utakwenda mara mbili au zaidi. Kwanza daktari atatazama picha ya eksirei, aone kama mzizi ni mzima. Ufizi ukiwa unatoka damu, atautibu kwanza, na akikuambia urudi baada ya wiki kadhaa usinung'unike. Ufizi uliovimba leo utashuka kesho, na kipimo kilichochukuliwa juu ya uvimbe kitakuwa kipimo cha uongo. Kisha atakupiga sindano ya ganzi, atalichonga jino pande zote kwa kiasi cha milimita moja hadi mbili, na kuchukua kipimo kwa kitu kizito kama unga uliokandwa, ambacho huganda mdomoni kwa dakika chache. Siku hizi wengine hutumia kamera ndogo badala ya unga huo. Utavishwa kofia ya muda, ya plastiki, ili usitembee na kisiki, na kipimo kitapelekwa kwa fundi. Ukiambiwa fundi yuko Dar es Salaam, basi picha ya meno yako pamoja na kijino cha rangi kilichochaguliwa ziende pamoja na kipimo katika boti.

Kofia ikirudi, itajaribiwa kabla ya kugandishwa. Siku hiyo ndiyo yenye maana kuliko zote, na wengi huipoteza kwa haya. Shuka katika kiti. Nenda na kioo mlangoni. Tazama ukiwa umefunga mdomo, ukiongea na ukicheka. Kisha sema kwa sauti: thelathini, dhahabu, fedha, vifaa. Kofia ikiwa ndefu mno, f itakuwa na mluzi, au mdomo wa chini utajikwaa. Ikiwa nene mno kwa nyuma, th itakuwa nzito. Uma meno taratibu. Je, jino hilo linatangulia kugonga kabla ya mengine? Sema. Fundi aweza kupunguza, kuongeza, kutia rangi na kuchoma tena. Saruji ikishaganda, kofia haitoki ila kwa kukatwa. Mimi sikusema neno siku ile, na mnajua yaliyonipata barazani. Hatimaye nilibadilishiwa kofia ile, nikapata nyingine yenye umanjano wa haki yake. Nilipokwenda barazani yule mzee hakusema kitu chochote. Sijawahi kufurahia ukimya wa mtu kama siku ile.

Sasa niseme habari ya wale wasiohitaji kofia. Kijana mwenye meno mazima, anayetaka tu yawe meupe kama ya mtu wa sinema, asichongwe. Jino lililochongwa halioti tena, na atakuwa mtu wa kubadilisha kofia maisha yake yote, kwani kofia nzuri nyingi hudumu miaka 10 au zaidi, lakini hazidumu milele. Ndugu zetu wa Arusha na Meru, ambako maji ya sehemu nyingi yana floridi nyingi, wana meno yenye madoa ya hudhurungi tangu utoto. Mengi ya meno hayo ni mazima, na madoa mengine yaweza kupunguzwa kwa kusugua juu juu au kwa dawa, bila kuyachonga. Na jino lililogongwa zamani likafa, likageuka jeusi, laweza kutibiwa mzizi, kisha likang'arishwa kwa dawa ya kutia ndani. Muulize daktari haya kabla ya mashine kuwashwa.

Na yule fundi wa mtaani, mwenye kujaza gundi na plastiki akakupa jino kwa nusu saa, mwache. Hana eksirei, hana namna ya kuua vijidudu katika vyombo vyake, na gundi yake huuoza ufizi taratibu chini ya jino linalong'aa. Mjini Unguja, Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kitengo cha meno, nako ndiko pa kuanzia. Na nchini mwetu madaktari wa meno husomeshwa hapo hapo, Muhimbili, tangu mwaka 1979. Kabla ya kukubali kazi, uliza bei yote, pamoja na bei ya kurudia kama rangi haikupatana.

Ukishaivaa kofia, kumbuka kwamba kauri haiozi, lakini jino lililo chini yake laoza, hasa pale kofia inapokutana na ufizi. Piga mswaki hapo polepole, kwa dawa yenye floridi, asubuhi na usiku. Msuaki wa mti nao wafaa, ukiutafuna mpaka nyuzi zake zilainike. Usimenye muwa kwa jino hilo. Habari ya chupa za soda sitairudia. Na mwenye kutafuna tambuu ajue kwamba kauri haishiki rangi sana, bali meno ya jirani yatashika. Baada ya miaka mitano kofia itakuwa pale pale ilipokuwa na jirani zake wamehama.

Msikilizaji mmoja wa Bububu ameuliza: kofia ikitoka nikiwa shamba, nifanyeje? Ioshe, ifunge katika kitambaa safi, usiimeze na usiitupe. Usiigandishe kwa gundi ya viatu wala gundi ya plastiki. Nenda nayo kwa daktari upesi, kabla jino lililobaki wazi halijavunjika, maana mara nyingi hurudishwa ile ile.

Kiongozi wa darasa la pwani, mama yako apande gari la mjini wiki hii, mchana angali mwangavu. Mzizi wake ukiwa mzima, jibu la swali lako ni ndiyo. Nanyi wengine, mlango uacheni wazi, kioo kipitishwe mpaka kwa wale walioketi nyuma. Muda wetu umekwisha. Kwa herini.